Kabla ya Kutupa, Uliza Ni cha Nani

Nyumba nyingi za Manundu, hapa Korogwe, zimejaa vitu bila wenyewe kuwa na mali nyingi. Zimejaa kwa sababu kila kilichoingia kilipokewa, na hakuna aliyepewa kazi ya kukitoa. Uvunguni mwa kitanda kuna tranka la mtoto aliyemaliza kidato cha sita zamani na sasa ana watoto wake. Juu ya kabati kuna sanduku la shangazi aliyehamia Dar es Salaam akaahidi kulifuata baada ya Idi. Stoo kuna redio ya kaseti, feni lisilozunguka, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele na gunia la viatu visivyo na jozi. Uani kuna jaba lililopasuka, sufuria zilizotoboka na mbao zilizobaki wakati wa kuezeka.

Mwandishi Mjapani Marie Kondo ametoa ushauri ambao umezunguka dunia nzima. Kitabu chake kilitoka Japani, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014, na mwanzoni mwa 2019 akawa na kipindi chake Netflix. Anasema ushike kila kitu mkononi, ujiulize kama kinakupa furaha, na kisichokupa ukiage na kukitoa. Ushauri huo unamfaa mtu anayeishi peke yake na ambaye kila kilichomo ndani alikinunua mwenyewe. Hapa Korogwe utamgombanisha mtu na ukoo wake, maana vingi vilivyomo ndani si vyake. Tena jembe halimpi mtu furaha hata siku moja, na bado hathubutu kulitupa.

Kwa hiyo ukitaka kupunguza vitu, jiulize maswali matatu, na uyafuate kwa mpangilio huu: Ni cha nani? Kinafanya kazi gani? Kikitoka, kinakwenda wapi? Anayelianza la pili kabla ya la kwanza ndiye anayeishia kuitwa kwenye kikao cha familia.

Waliotulea hawakukosea

Kabla ya kumcheka mama kwa makopo matupu aliyoyapanga jikoni, kumbuka alikopitia. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha fedha za nchi, na miaka iliyofuata sabuni, sukari, mafuta ya kula na hata kanga vilipatikana kwa foleni, na mara nyingi foleni iliisha bila mtu kupata kitu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa majumbani na maghalani zikageuka kesi. Masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje yalianza kulegezwa mwaka 1984, maduka yakaanza kupata bidhaa tena na mitumba ikatapakaa. Aliyekuwa analea watoto wadogo wakati ule alijifunza kwamba kopo tupu ni chombo na nguo kuukuu ni akiba, na alikuwa sahihi.

Kilichobadilika ni upatikanaji. Leo ndoo na beseni vinauzwa soko la Manundu siku yoyote, na mitumba inatandikwa chini kwa bei ya kila mfuko. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wakizungumzia godoro la sponji lililokaa stoo likinyonya unyevu kila masika. Ukimwendea mzazi, usitamke neno takataka. Mwambie, "Mama, naomba unionyeshe vitu vyako nivijue, nisije nikakosea." Akianza kueleza kimoja kimoja, mwenyewe ataanza kusema kipi kimekwisha kazi.

Swali la kwanza: ni cha nani?

Chukua daftari la mtoto wa shule na kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kazi hii methali hiyo ndiyo kanuni. Pita chumba kwa chumba bila kuhamisha chochote, ukiandika vitu kwa mafungu manne: vyetu wa humu ndani, vya mtu aliye hai lakini hakai hapa, vya marehemu, na vilivyowekwa dhamana au vya kikundi.

Fungu la pili ndilo linalojaza vyumba, na dawa yake ni kumtaarifu mwenyewe na kumpa tarehe. Piga picha, kisha andika: "Kaka, shikamoo. Tranka lako na lile godoro vipo hapa salama. Mwezi ujao tunapaka rangi chumba. Naomba uje uvichukue kabla ya tarehe 30, au uniambie nimkabidhi nani." Maneno hayo hayalaumu, na sababu yake inaonekana. Kwa mama mkwe, shangazi au mjomba, ujumbe wa simu hautoshi. Piga simu, au mtume mtu wa rika lake. Akisema huna haja ya kusubiri, ugawe tu, mwombe alirudie neno hilo mbele ya ndugu mwingine ili kesho asije akasema hakusema. Na kwa kuwa mabasi ya Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha yanapita Korogwe kila siku, pima gharama ya kutuma mzigo. Kulipia sanduku ndani ya buti la basi mara moja ni nafuu kuliko kulipangisha chumba miaka kumi bila kodi.

Mpangaji aliyeondoka akaacha vitu ni kesi nyingine. Usiviuze kufidia kodi yako kwa hasira. Mwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, andikeni orodha, mtie saini, na mpigieni simu mwenye vitu mkiwa pamoja. Akiwa na deni, deni lidaiwe kwa njia yake.

Fungu la dhamana watu hulisahau. Friji, runinga au makochi yaliyoandikwa kwenye fomu ya kikoba, au kwenye ile mikopo inayoitwa kausha damu, hayauzwi hadi deni liishe, hata kama yamesimama tu sebuleni. Sufuria kubwa za kikundi, turubai la mtaa na viti vya jumuiya navyo vina wenyewe. Vipelekwe kwa mweka hazina, na vikibaki kwako, iandikwe kwamba viko kwako.

Hata katika vile vyetu, mume na mke wasitoleane vitu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutoa mali yake. Cherehani aliyokuja nayo mke haiuzwi na mume kwa hoja kwamba haitumiki, na zana za fundi hazitolewi na mke kwa hoja kwamba zinachafua. Kila mtu apewe fungu lake alipitie mwenyewe, watoto nao.

Vya marehemu vina utaratibu wake

Vitu vya aliyefariki hukaa bila kuguswa kwa sababu kila mmoja anaogopa kuonekana ana haraka. Heshima hiyo ni nzuri, lakini isigeuke ukimya. Mjane Mwislamu akiwa edani, miezi minne na siku kumi, asisumbuliwe na mgao. Wakati huo kazi inayofaa ni kuorodhesha tu. Kikao cha ukoo kikishapendekeza msimamizi wa mirathi na mahakama ikamteua, yeye ndiye mwenye mamlaka ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Kabla ya hapo, baiskeli, simu, ng'ombe na cherehani vibaki vilivyo.

Nguo kwa kawaida hutolewa mapema zaidi kwa desturi ya kila familia. Kabla hazijatoka, zipekuliwe mifuko, mapindo na bitana, kwani wazee wengi waliweka humo risiti, hirizi, pete na noti. Simu ya marehemu isifutwe wala laini yake isitupwe, maana humo huwa kuna salio la fedha na majina ya wadaiwa na wadai.

Hatimaye ukoo uchague vichache vya kumbukumbu. Bakora, kofia ya kazi, msahafu au Biblia aliyoiandikia majina ya watoto, na picha mbili tatu zenye majina nyuma vinatosha kumbeba mtu. Godoro lake, dawa zake na mashuka yake havimbebi.

Karatasi zitangulie

Kabla ya kuchoma hata gazeti moja, tenga karatasi zote sehemu moja. Korogwe ni mji wa walimu, wafanyakazi wa mkonge, wa reli na wa serikali, na kila nyumba ina bahasha za kaki zinazofanana kwa nje. Za kutunza siku zote ni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya talaka na vya kifo, vyeti vya shule, hati na mikataba ya mauziano ya kiwanja au shamba, barua ya kuajiriwa, barua ya kustaafu na karatasi za mifuko ya pensheni. Usidanganywe na jina la zamani juu ya karatasi. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, lakini michango iliyoandikwa kwenye karatasi za mifuko ile ndiyo historia yako ya mafao.

Mwenye duka au genge lililosajiliwa akumbuke kwamba sheria ya usimamizi wa kodi inamtaka atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kadi za kliniki za watoto zibaki hadi wakue. Maandalio ya masomo ya mwalimu aliyestaafu, mialiko ya harusi, risiti za vitu vilivyokwisha kuharibika na kalenda za miaka iliyopita vinaweza kwenda. Vitabu vya kiada vinavyosubiri wadogo vikaguliwe kwanza: mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, na kitabu alichokisomea kaka huenda kisimfae tena mdogo wake.

Pekua kila kitabu na kila mto kabla ya kutoa, kwani fedha iliyofichwa nayo huzeeka. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa nafasi kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 ya kubadilisha noti za zamani, zile za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya 2010. Baada ya hapo noti hizo si fedha halali tena. Aliyezificha vizuri mno akasahau alikoziweka amebaki na picha.

Swali la pili: kinafanya kazi gani?

Sasa umebaki na vilivyo vyako kweli. Kipimo cha haki ni mwaka mmoja. Mwaka wa Korogwe una masika na vuli, una Ramadhani na Krismasi, una msimu wa harusi, na una misiba isiyo na msimu. Kitu ambacho hakikuguswa katika hayo yote kina kazi ya kujieleza.

Kipimo hiki kina misamaha yake. Madumu, ndoo na majaba mazima yasihesabiwe uchafu. Upande wa Handeni, ambako watu wamehangaikia maji miaka mingi na mradi wa maji uitwao HTM huvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, dumu la ziada ni maisha. Kinu, ungo, mbuzi ya nazi na mikeka vina siku zao hata kama kuna mashine ya kusaga jirani. Vya msibani navyo viachwe, ila si lazima kila nyumba iwe na sufuria la kupikia watu mia. Majirani watano wakikubaliana nani atunze sufuria, nani mablanketi na nani mikeka, nyumba tano zitapumua na msiba hautakosa kitu.

Jikoni, ondoa kilichotoboka, kilichopasuka na kilichopoteza mfuniko. Chupa za chai zisizohifadhi joto huwa tatu au nne katika nyumba moja, kila moja ikisubiri fundi ambaye hayupo. Mifuko ya rambo iliyosokotwa nyuma ya mlango itoke pia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini ya shilingi 30,000. Kwenye kabati la vyombo la sebuleni ushauri wangu ni kinyume: usitoe, tumia. Sahani za maua zinazosubiri mgeni mkubwa zishushwe watoto walie wali wa Ijumaa, na zile za plastiki zilizochakaa ndizo zitoke.

Katika nguo, sare za shughuli ndizo zinazotushinda. Kila harusi ina kitenge chake, na ukishakivaa siku hiyo hakina siku nyingine. Kipeleke kwa fundi cherehani: kitenge kimoja kinatoa gauni la mtoto, foronya au mfuko wa sokoni. Kanga usizihesabu kwa ukali. Kanga inapokea mtoto, inabebea, inafunika, na inakwenda msibani. Chagua doti za kutoka nazo, za nyumbani na za akiba ya mzazi atakayejifungua, na zilizopauka ziwe za jikoni bila aibu. Nguo ya mtu mzima isiyokutosha mpe anayetoshewa, leo.

Vifaa vya umeme havifufuki kwa kukaa. Runinga ya chogo iliyobaki tangu mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam mwishoni mwa 2012 na mikoani mwaka uliofuata, bado imeshika kona katika nyumba nyingi. Simu bandia zilizozimwa Juni 2016 zimelala kwenye droo pamoja na chaja zake. Mpe fundi siku saba: aseme inatengenezeka kwa bei gani, au aichukue kwa vipuri. Kabla simu nzima haijauzwa, toa laini na kadi ya kumbukumbu, futa kila kitu kilichomo, na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Uani ndiko uzembe unakogeuka ugonjwa. Homa ya dengi ilipolipuka mwaka 2019, Dar es Salaam na Tanga ndiko kulikoathirika zaidi, na mbu wake huzaliana kwenye maji machache ya mvua yaliyotuama ndani ya tairi, kopo au jaba lililopasuka. Rundo la mbao na matofali karibu na mlango hukaribisha panya, na panya humvuta nyoka. Mbao zinazofaa zinyanyuliwe juu ya mawe, mbali na ukuta, mchwa wasifike. Zilizoliwa ziwe kuni.

Swali la tatu: kinakwenda wapi?

Kazi hii hukwama kwenye mlango wa nyuma. Vitu vinatolewa chumbani, vinarundikwa uani, mvua inavikuta, na baada ya wiki vinarudi ndani. Kwa hiyo usitoe kitu kabla hujajua kinakokwenda na siku kitakayoondoka.

Vya kuuza, viuze mapema na bila kuota bei ya dukani. Waulize wanunuzi wawili, uza kwa wa pili kama anazidi, na usirudi nacho nyumbani kwa tofauti ya nauli ya bodaboda. Bati kuukuu, sufuria na vyuma huuzwa kwa kilo, basi simama uione mizani. Hapa kwetu kuna onyo la ziada. Reli ya Tanga inapita mjini, na vipande vya chuma chake vimezagaa majumbani kama nguzo na vizingiti tangu wakati treni zilipokuwa hazipiti. Treni za mizigo zilirudi mwaka 2019. Chuma cha reli ni mali ya umma, na kukipeleka kwenye mzani wa chuma chakavu ni kujipeleka polisi.

Vya kutoa, vifue na uvikunje kwanza. Nguo iliyochanika na chombo kilichopasuka haviwi sadaka kwa kuwa anayepewa ni maskini. Uliza pia kabla ya kupeleka: kituo cha watoto chenye nguo tele huenda kinahitaji ndoo na madaftari.

Vya kutupa navyo vina heshima yake. Usichome plastiki uani, moshi wake unaingia kwa jirani na kwa mtoto wako. Dawa zilizokwisha muda zisiingie chooni wala kwenye mfuko wa taka ambao watoto huuchokoa. Ulizia famasi ya hospitali namna ya kuziteketeza. Betri za tochi na za pikipiki zikae mbali na kisima na bustani.

Isijae tena

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tumeizoea kuwa siku ya usafi. Mitaro ikishazolewa, ingieni ndani mpitie sehemu moja tu: mwezi huu uvungu, ujao jikoni, unaofuata stoo. Anayeacha mzigo kwako kuanzia sasa aandike jina na tarehe ya kuufuata, hata akiwa mdogo wako wa damu. Na ukinunua kipya, kile cha zamani kiwe na mwenyewe kabla kipya hakijafika nyumbani.

Bibi mmoja wa Sweden, Margareta Magnusson, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2017 akiwahimiza wazee wapunguze vitu vyao wakiwa hai, wasiwaachie watoto mzigo. Sisi tunao wosia, ila mara nyingi tunausia mashamba na nyumba tu, vitu vidogo tunaviacha vigombaniwe. Basi lile daftari usilifunge baada ya usafi. Pembeni ya kila kitu ulichobakiza andika nani atakirithi, mwambie mwenyewe angali anakusikia, na kama kuna anayekihitaji leo kuliko wewe, mpe leo.